Jini wa Kompyuta ya Dirishani

Alhamisi. Asubuhi mvua, mchana jua la hasira, Kariakoo nzima inafuka mvuke. Nimefika nyumbani na tope la Msimbazi viatuni, nimekaa sakafuni mbele ya feni. Sijapika, na sina mpango wa kupika. Nataka kuandika kwanza, kabla mwili haujaacha kusisimka.

Leo nimemwona mtoto wa Fomu Tatu akifanya jambo ambalo mimi nililisoma chuoni, nikalijibia mtihani, nikafaulu, na sikuwahi kulifanya kwa mikono yangu.

Ngoja nianze mwanzo. Nikianzia mwisho hata mwenyewe nitajiona muongo.

Nafundisha kompyuta kwenye sekondari moja hapa katikati ya jiji, nyuma ya maduka ya vyombo. Chumba chetu kiko chini, kina dirisha moja linalotazama uchochoro. Kompyuta zote zimepangwa upande wa mlango, isipokuwa moja iliyokosa nafasi ikawekwa peke yake dirishani. Hapo ndipo anapokaa Nuru.

Nuru ni msichana wa maneno machache. Akijibu swali inabidi darasa zima linyamaze ndipo umsikie. Baba yake alifariki akiwa mdogo, analelewa na shangazi yake, Bi Zainabu, mwenye meza ya mitandio pale Mchikichini. Somo langu analipenda mno. Nimefundisha watoto wengi, na wanaolipenda nawajua kwa jinsi wanavyochelewa kutoka kengele ikilia.

Tangu tufungue shule baada ya likizo, kompyuta ya Nuru ikaanza kuzima yenyewe. Siku ya kwanza ilizima akiwa anamalizia kazi aliyohangaika nayo kipindi kizima, na hakuwa ameihifadhi. Akapiga ukelele. Basi! Ukelele ule ukatoka darasani ukazunguka shule, na ulipokuwa unarudi ulikuwa na mapembe.

Maana kompyuta ile haikuzima ovyo. Ilizima adhana ya adhuhuri inapoanza. Muadhini anasema neno la kwanza, kioo kinakuwa cheusi, tip! Kipindi chetu kinaangukia saa hizo, kwa hiyo darasa zima lilikuwa shahidi. Wakaongeza na harufu. Wakasema pale dirishani pananukia iliki na karafuu, na nani asiyejua wenyewe wanapenda manukato?

Hitimisho likapatikana. Kuna jini. Na jini hukimbia adhana.

Niliita fundi. Akaja jioni, akapima, akakuta kila kitu kizima, akaniangalia kama mtu aliyemsumbua bure. Nikabadilisha kompyuta, nikaleta nyingine kutoka upande wa mlango. Nayo ikazima. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu sasa watoto wakasema jini hayuko kwenye kompyuta. Yuko kwa anayekaa pale.

Wasichana wakaanza kumkwepa Nuru hadi bombani. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu, kwa adabu, kama mtu anavyopisha jeneza.

Na nikiri hapa, kwa kuwa blogu hii ni yangu. Siku moja nilisimama nyuma ya kiti chake nijionee. Adhana ikaanza, kioo kikazima mbele ya macho yangu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye msalaba shingoni. Mimi! Mwalimu wa kompyuta!

Jumatatu Bi Zainabu akaja shuleni. Mama mnene, mpole, baibui limepigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upendo kabisa, kisha akaniambia la moyoni.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe, wala sisemi unafundisha vibaya. Lakini huyu mtoto ni amana ya marehemu kaka yangu. Siwezi kumwacha akae na kitu nisichokijua. Ijumaa nakuja kwa Mkuu wa shule, aache hilo somo. Asome mapishi, kuna ubaya gani?"

Nuru alikuwa amesimama nyuma yake, macho chini. Na Ijumaa, yaani kesho, ndiyo siku Mkuu anafunga majina ya masomo ya kuchagua. Ukitolewa, umetolewa.

Ningesema nini? Mimi ni Mkristo, mtoto wa Masasi, nimekulia kwenye kwaya. Nikimwambia mama wa Kiislamu usoni kwamba hakuna jini, nitakuwa nimemvunjia heshima yeye na imani yake, na Nuru nitakuwa nimempoteza palepale. Nikasema tu, "Nimekusikia, mama. Nipe hadi Alhamisi." Sikuwa hata na wazo la kufanya nini.

Jumanne mada ilikuwa uchambuzi wa tatizo na kutambua mpangilio, yaani kuona kitu kinachojirudia na kujiuliza kwa nini. Kitabu chetu kina mifano ya theluji na treni za chini ya ardhi. Nikakifunga. Nikasema leo tunachambua tatizo la humu ndani. Nikachora ubaoni safu tatu: tunachojua, tunachodhani, tusichojua.

Kelvin, yule mchekeshaji wetu, hakungoja. "Madam, tunachojua ni kwamba kuna jini."

Darasa likacheka. Nami nikashika chaki sijui niandike wapi. Ndipo ile sauti ndogo ikatoka dirishani.

"Hilo liandike kwenye tunachodhani."

Jamani. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza kwamba sahani umeiweka kabati siyo. Nami nikaandika JINI kwenye safu ya pili, kwa herufi kubwa.

Baada ya hapo wakaamka. Safu ya kwanza ikajaa: inazima adhuhuri, haiwaki yenyewe, za upande wa mlango hazizimi, ilianza baada ya likizo. Mmoja akasema harufu ya iliki. Mwingine akamjibu harufu ni ya Bwana Mshamu, wewe vipi! Bwana Mshamu ana mashine ya kusaga viungo ng'ambo ya uchochoro, alihamia hapo wakati wa likizo. Nikaandika harufu, nikaandika na Bwana Mshamu, nikaendelea.

Sikuona kitu. Naandika hivi bila aibu. Nilikuwa na jibu ubaoni kwa mwandiko wangu mwenyewe na nikaenda kula mihogo.

Jana asubuhi Nuru alinisubiri mlangoni. Alikuwa amefanya jambo bila kumwambia mtu. Alikumbuka kwamba Ijumaa sisi hatuna kipindi cha kompyuta, akaenda kuwauliza Fomu Mbili wanaotumia chumba siku hiyo na mwalimu mwingine. Wakamwambia Ijumaa adhana inalia na kompyuta haizimi. Tena wakaongeza kwamba siku hiyo huwa inazima mapema, saa tano hivi, wakati hakuna adhana yoyote.

"Jini wa Ijumaa anawahi?" nikamtania.

Hakucheka. "Madam, Ijumaa Bwana Mshamu anafunga mapema, anaenda kuoga ajiandae na swala."

Nikamwangalia.

Akaendelea, akihesabu maneno kama kawaida yake. Akasema pale dirishani meza inatetemeka, kidogo tu, kwa sababu ya ile mashine. Ukiweka kiganja unasikia. Wengine hawajui kwa sababu hawakai pale. Na kabla kioo hakijawa cheusi, kila siku, meza huwa inatulia kwanza.

"Anasikia adhana, anazima mashine aende msikitini. Mashine ikizima, na yangu inazima."

Watoto hawakuwa wajinga hata kidogo. Mpangilio waliouona ulikuwa wa kweli, adhana na kompyuta vilikwenda pamoja siku zote, hakuna aliyesema uongo. Ila katikati yake alikuwepo Bwana Mshamu akinyoosha mkono kwenye swichi, na hakuna aliyemwona. Aliyeijua siri ya meza ni yule yule waliyemkimbia.

Nikafurahi kupita kiasi. Nikasema twende kwa Mkuu sasa hivi tukamweleze. Nuru akatikisa kichwa.

"Bado tunadhani, Madam. Adhana na mashine vinakuja pamoja. Shangazi atasema ni adhana. Inabidi tuvitenganishe."

Vitenganishwe vipi? Akasema tumwombe Bwana Mshamu azime mashine wakati hakuna adhana, tuone. Na adhana ikilia, aiache mashine iendelee, tuone tena. Na shangazi awepo.

Nikamwambia tujaribu kwanza sisi wenyewe kimyakimya, ili shangazi akija tuwe na uhakika. Nilikuwa naogopa. Kama ingegoma mbele ya yule mama, somo ndiyo basi, na jina la kuwa na jini lingemfuata mtoto hadi siku ya kuolewa.

"Tukijaribu kabla, atasema tumepanga," akajibu. "Tujaribu akiwepo."

Ana miaka kumi na sita huyu.

Jana mchana nikaenda naye kwa Bwana Mshamu. Mzee wa makamo, mtu wa Kilwa, unga wa binzari hadi kwenye kope. Tukamweleza. Akazima mashine atusikilize vizuri, akawasha tena, akafikiri.

"Kwa hiyo jini ni mimi?"

"Hatujasema hivyo, mzee wangu."

"Mke wangu kasema siku nyingi," akasema, akacheka hadi akakohoa binzari. Kisha akaacha utani. Kuzima kabla ya adhana hakuona shida. Kuiacha iendelee wakati wa adhana alisita, akatazama chini. Mwisho akasema kuna pilipili manga ya mteja, ataiacha isagike hadi adhana iishe, swala haitampita. Nikamshukuru mara nyingi hadi akaona tabu.

Basi leo.

Bi Zainabu alifika amejifunga baibui, na mabegani ametupia upande wa kanga. Mkuu wa shule naye akaja, akasimama mlangoni na simu mkononi, ile sura yake ya mtu mwenye kikao kingine. Darasa limejaa hadi watoto wa Fomu Mbili wamening'inia korido. Kelvin nilimpeleka uchochoroni, asimame mlangoni kwa Bwana Mshamu.

Nuru akawasha kompyuta yake. Akafungua kazi ile ile iliyopotea siku ya kwanza, alikuwa ameiandika upya yote. Kisha akasimama, akampisha shangazi yake kiti.

Nilitegemea atoe maelezo. Hakutoa. Aliuchukua mkono wa shangazi yake akauweka juu ya meza, kiganja chini.

"Unasikia, shangazi?"

Bi Zainabu akatulia. "Inatetemeka."

"Wewe chagua wakati. Ukitaka izime, punga dirishani."

Sikuwa nimepanga hivyo! Mpango ulikuwa mimi nipunge dasta. Nuru alimpa shangazi yake swichi ya jambo zima, mbele ya watu, bila kujua kama litafanya kazi.

Bi Zainabu akangoja. Alingoja makusudi, namjua sasa, alitaka kuhakikisha hakuna mchezo. Mkuu akakohoa. Uchochoroni mkokoteni ukapita na kelele zake. Hakuna adhana, bado kabisa. Kisha yule mama akavuta kanga yake begani, akaitoa dirishani, akapunga.

"Zima!" tukamsikia Kelvin.

Ngurumo ya mashine ikashuka, ikafa. Bi Zainabu akautazama mkono wake mezani.

Kioo kikawa cheusi.

Mtoto mmoja nyuma akasema "Yesu!" na mwingine pembeni yake akasema "Subhanallah!" kwa pamoja, na hakuna aliyecheka.

"Tena," akasema Bi Zainabu.

Mashine ikawashwa, kompyuta ikawashwa, tukangoja ifunguke. Akapunga. Ikazima. Akataka tena. Mara hii alikuwa anacheka, kanga inapepea uchochoroni, na Kelvin ameshapata sauti ya mpiga debe. Mkuu aliiweka simu mfukoni. Huyo hajawahi kuweka simu mfukoni kwenye kikao chochote nilichokaa naye.

Tukawasha mara ya mwisho. Na bado hatujafika kwenye lile lililokuwa linanitisha.

Adhana ya adhuhuri ikaanza.

Darasa likanyamaza lenyewe. Bi Zainabu alichukua kanga ile ile aliyokuwa anapungia, akajifunika kichwani. Wasichana wa Kiislamu wakarekebisha mitandio yao. Sisi wengine tukasimama tu, mikono nyuma. Ng'ambo ya uchochoro mashine ikaendelea kunguruma, maskini Bwana Mshamu, najua ilivyomgharimu moyoni. Nuru alikuwa amerudi kwenye kiti chake, kiganja mezani, macho kwenye kioo.

Muadhini akaita, akaita, akamaliza mwito wote, na kioo kinawaka.

Nimesikia adhana maisha yangu yote ya Dar. Leo nimeisikia nikiwa nimesimama na watoto hamsini wanaoangalia mwanga mmoja, na sikutaka iishe. Machozi yalinitoka. Nikajifanya ni pilipili manga.

Ilipoisha, Nuru akanyoosha kidole, akabonyeza kuhifadhi. Sekunde chache baadaye mashine ikazimwa, meza ikatulia, kioo kikawa cheusi, tip. Naye akaangua kicheko. Sijawahi kumsikia Nuru akicheka. Kumbe ana kicheko kikubwa vile, cha kujaza chumba!

Nikawaeleza kilichobaki. Kompyuta za upande wa mlango zinapata umeme kupitia kiboksi kipya cha kusawazisha umeme, ya dirishani ina kiboksi chakavu peke yake. Mashine kubwa ikifanya kazi inavuta umeme wa mtaa. Ikiachia ghafla, ni kama mnavutana kamba na mwenzako aachie, lazima uanguke. Kiboksi kile kikongwe kinashtuka na kukata. Fundi alikuja jioni, mashine ikiwa inaendelea, angeona nini? Wakatikisa vichwa, ila nadhani hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Walikuwa wanamwangalia Nuru.

Bi Zainabu aliinuka, akaikunja kanga yake taratibu. Akamgeukia Mkuu wa shule.

"Jina lake liache hapo hapo."

Kisha akanigeukia mimi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, majini wapo. Hilo usibishane na mimi."

"Sibishani, mama."

"Ila humu hamna."

Akamwangalia mtoto wa kaka yake kwa muda, kana kwamba amekutana naye barabarani na anajaribu kukumbuka wameonana wapi. Akasema, "Kichwa cha baba yake hiki," akatoka, akiwapisha na kuwapita watoto wa korido waliokuwa wamebana mlango.

Kengele ililia, hakuna aliyetoka. Wasichana wale wale waliokuwa wanampisha bombani walipanga foleni dirishani, mmoja mmoja, kuweka kiganja mezani. Kelvin alirudi amejaa vumbi la pilipili manga, anapiga chafya, anadai yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa. Nuru akampisha kiti.

Nilitaka kuihamishia kompyuta ile kwenye kiboksi kipya leo leo. Nuru ameniomba niiache hadi kesho. Anasema sasa tumeona Alhamisi tu, na ile habari ya Ijumaa tumeambiwa, hatujaiona.

Mimi kesho asubuhi sina kipindi. Naweza kulala hadi jua lichome pazia. Lakini saa tano Bwana Mshamu atafunga akajiandae na swala, na sijawahi kuisikia ile meza ikitulia. Nimemwomba Nuru anishikie nafasi.